Muulize Fundi: Siti ya Gari Ukitoa ni Kosa? Na Ukiongeza Je?

Barua za mwezi huu nyingi zimeangukia kwenye siti, sijui kuna trafiki mmoja kaamua kuhesabu siti za nchi nzima au ni msimu tu. Nimechagua chache, zingine zinafanana sana kwa hiyo ukiona swali la mwenzio linafanana na lako ujue na wewe umejibiwa. Sehemu kubwa ni za Tanzania, moja ya Mombasa na moja ya Uingereza, kwa hiyo usichukue jibu la mtu wa Reading ukaenda nalo kwa trafiki wa Mwenge.

Shikamoo fundi. Nina Noah, nauza vyombo vya plastiki Tegeta na kila wiki nashuka Kariakoo kufata mzigo. Nilitoa siti za nyuma zote, za katikati na za mwisho, nikaziweka stoo. Juzi kati trafiki kanisimamisha Mwenge, kachungulia ndani akasema mama kadi yako inasema siti nane wewe unazo mbili, umebadilisha gari hilo ni kosa. Akaniachia lakini nimebaki na wasiwasi. Ni kosa kweli? – Mama Vyombo, Tegeta

Marahaba mama. Huyo trafiki kuna alichosema kweli na kuna alichochanganya, ngoja tuvitenganishe.

Ukweli ni kwamba kadi ya gari inayotolewa na TRA ina maelezo ya gari lako, namba ya injini, ya chasisi, rangi, umbo la bodi, uzito, na idadi ya watu linaobeba. Gari likibadilika moja kwa moja kwenye kimojawapo, sheria ya usajili wa magari, ile Sura 124, inakutaka ukawaambie ili kadi na gari viongee lugha moja. Ndo maana mtu akipiga rangi nyekundu gari lililokuwa jeupe anatakiwa aende TRA, na akibadilisha injini vilevile.

Sasa alipochanganya ni kuona siti ikiwa stoo akasema gari limebadilika. Siti za mwisho za Noah zenyewe zimetengenezwa zikunjwe zipandishwe ukutani, waliotengeneza walijua kuna siku utabeba watu na kuna siku utabeba mzigo. Hiyo namba nane mimi naisoma kama mwisho wa watu unaoruhusiwa kupakia, sio amri kwamba kila ukitoka nyumbani lazima ziwepo zote nane. Ukizitoa Jumanne ukazirudisha Jumapili mnaenda harusini, gari ni lilelile. Lakini kama mpango ni zisirudi tena kabisa, yani Noah imeshakuwa kigari cha mizigo cha kudumu, hapo nakushauri uende ukabadilishe maelezo, maana siku ya kuliuza au siku ya ajali karatasi inayosema nane na gari lenye mbili itakuletea maswali ambayo mwenye majibu ni wewe peke yako.

Kitu kingine ambacho trafiki angekuuliza na hakukuuliza, huo mzigo ni wa nani? Kama ni vyombo vyako unavyouza dukani kwako sawa, ni gari lako na mali yako. Lakini kama umeanza kuwabebea na wenzako wa Tegeta wanakulipa, hata kama ni hela ya mafuta tu mnayoita ya soda, hiyo ni biashara ya kusafirisha na wanaoisimamia ni LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, tangu ile sheria yao ya 2019 iliyowaweka mahali pa SUMATRA. Na bima nayo, kava ya gari binafsi sio kava ya gari la biashara, na kampuni ya bima inasoma hilo neno vizuri sana siku unapodai, sio siku unapolipa.

Alafu mama kuna uzito. Watu wanadhani wakitoa siti gari limekuwa kenta. Wajapani wakipiga hesabu ya uzito wa mwisho wa gari wanamhesabu kila mtu kilo 55, kwa hiyo Noah ya watu nane imepigiwa kilo 440 na wewe dereva umo humohumo. Jumlisha na uzito wa hizo siti ulizoziacha stoo, toa uzito wako, hicho ndo chako. Vyombo vya plastiki havifiki huko najua, ila kuna siku utapitia sukari na mchele mara moja hivi, na mifuko ya kilo hamsini haina siri, kumi tu ushafika nusu tani.

Na usiuache mzigo huru. Yale matundu sakafuni ilipokuwa imefungwa siti ndo sehemu imara kuliko zote humo ndani, mwambie fundi akufungie boliti zenye kichwa cha pete saizi ileile ya boliti za siti upitishe mkanda wa kukazia, beseni mia moja zikikujia shingoni ukifunga breki ghafla sio jambo dogo. Matundu yatakayobaki yazibe, maana vumbi na maji vitaingia na moshi wa egzosi pia. Boliti zake zenyewe ziweke kwenye kopo moja uliandike, usije ukarudishia siti na boliti za kabatini. Na yule kijana wa kupakia asikae juu ya mzigo, akae siti ya mbele kwenye mkanda au apande daladala.

Mkuu habari za majukumu. Nina Hiace inapiga ruti Mbeya mjini, kadi inasoma watu 15 pamoja na dereva. Fundi wangu anasema nikisogeza siti mbele kidogo nyuma inapatikana nafasi ya benchi la watu watatu, ni kuchomelea tu siku moja kazi imeisha. Wenzangu wanafanya. Sheria inasemaje maana hata nikiongeza bado gari halina shida linavuta fresh. – Mtu wa Hiace, Mbeya

Mkuu usifanye. Hilo ndo jibu, yanayofata ni sababu zake na ni nyingi kuliko unavyofikiri.

Kwanza leseni ya LATRA uliyopewa imetolewa kwa gari la abiria idadi fulani, na ada yenyewe inaenda na ukubwa wa gari. Ukiongeza benchi hujaongeza siti tu, umeendesha gari ambalo halijapewa leseni. Pili kadi ya TRA. Tatu bima, magari ya abiria yanakatiwa bima kwa kuhesabu siti, wewe umelipia siti 15 na barabarani una watu 18, hao watatu wa benchi la fundi wakiumia unadhani kampuni itakuwa ya kwanza kunyoosha mkono? Itakuwa ya kwanza kuomba kadi.

Nne, hii ndo watu hawaijui kabisa, ni leseni ya dereva wako. Kwa madaraja ya leseni zetu gari la abiria kuanzia wanne lakini chini ya 15, mbali na dereva, ni C2. Kuanzia 15 mpaka chini ya 30 ni C1, na 30 kwenda juu ndo C yenyewe. Hiace yako ya sasa ina abiria 14 na dereva wake, kijana mwenye C2 anaiendesha kihalali kabisa. Weka benchi la watatu abiria wanakuwa 17 na yuleyule kijana na leseni yake ileile sasa anaendesha gari ambalo hana daraja lake. Yani umechomelea vyuma nyuma umemuondolea leseni dereva aliye mbele, na yeye hata hajui.

Sasa tuje kwenye hicho kituko cha kuchomelea siku moja. Hiace nyingi tunazozipanda zilikuja kutoka Japani zikiwa van za mizigo, siti za mbele na pengine moja ya kukunja katikati, nyuma ni bati tupu la kupakia maboksi. Kiwandani sehemu inayofungwa siti chini yake kuna chuma cha nyongeza na nati imechomelewa tangu bodi inatengenezwa. Kwenye bati la mizigo hicho chuma hakipo. Fundi anachofanya ni kutoboa bati, anapitisha boliti, chini anaweka washa ndogo kama sarafu, anakaza, anakwambia bosi hii haitoki. Kweli haitoki ukiitikisa kwa mkono. Lakini kanuni ya Umoja wa Mataifa inayopima mafungio ya mikanda, ile namba 14, kwa gari dogo wanavuta pointi ya juu ya mkanda kwa nguvu inayokaribia kilo 1,400 na ya chini kiasi hichohicho kwa wakati mmoja, ndo waseme inafaa. Na siti yenyewe, kanuni namba 17, inapimwa kwa mshtuko wa mara 20 ya uzito wake. Washa ya sarafu kwenye bati la milimita moja haiwezi hayo, bati linachanika kama karatasi na siti inaondoka na watu wake watatu inaenda kuwagonga wa mbele yao, ambao siti zao zilikuwa nzima.

Alafu ukisogeza siti mbele upate nafasi umepunguza sehemu ya magoti na ile njia ya kupita kwenda mlangoni. Gari likipinduka mlango ukawa chini wanatokea wapi? Siti za kukunja za njiani zilizokuja na gari, kama zile za Coaster, hizo ni habari nyingine, zilihesabiwa tangu mwanzo na zinafunguka mara moja. Za kwako zitakuwa zimechomelewa.

Hilo la wenzangu wanafanya silijibu, wenzako pia wanaweka kigoda cha mbao karibu na mlango na ndoo nyuma ya dereva na tunawaona. Mnakumbuka 2020 wakati wa Corona daladala zilipoambiwa levo siti, yani hakuna kusimama, ghafla kila konda akawa anajua gari lake lina siti ngapi, mpaka za kwenye boneti zikatajwa kama sio siti. Kumbe hesabu mnazijua.

Kama kweli unataka gari la watu wengi zaidi, na biashara inalipa, uza hiyo ununue inayobeba hao watu kwa kadi. Na kama una sababu ya kweli ya kubadili mpangilio wa siti basi anza na karatasi sio na mashine ya kuchomelea, nenda kwa mkaguzi wa magari wa polisi umuoneshe unachotaka kufanya kabla hujagusa, uliza LATRA kama watalipatia leseni gari la namna hiyo, wakikubali ndo ufanye, likaguliwe, ripoti uipeleke TRA kadi ibadilishwe na bima ikatwe upya. Watu wanafanya kinyume, wanachomelea kwanza alafu wanaanza kumtafuta mtu wa kuwapitishia. Huyo mtu mnayemtafuta ndo anayewafanya mlipe kila wiki.

Anko naomba kuuliza, kuna dalali kaniambia nikiagiza Alphard Japani niwaambie wang'oe siti zote za nyuma ije na mbili tu, bandarini itahesabiwa gari la mizigo ushuru unashuka, siti zinakuja kwenye boksi kivyake. Kuna ukweli? – Kijana wa Kinyerezi

Mdogo wangu huyo dalali hajui anachokiongea, au anajua na gari sio lake.

Forodha hawahesabu siti zilizopo siku gari linashuka, wanaangalia gari lilitengenezwa liwe nini. Kuna utaratibu wa dunia nzima wa kuyapanga magari, yanayobeba watu kumi na zaidi ukimhesabu na dereva yana fungu lake ambalo ni 8702, magari ya watu wachache kuliko hapo yako 8703, ya mizigo 8704. Na maelezo ya huo utaratibu yanataja dalili za gari la watu, nyuma ya dereva kuna siti za kudumu au matundu na mafungio ya kuwekea siti, pembeni kuna vioo kwenye bodi. Umeona hapo, hata matundu peke yake yanakutaja. Alphard isiyo na siti bado ina matundu, ina vioo pande zote, ina mabomba ya AC kwenye paa na vishikio vya kuweka kikombe. Hakuna mtu wa forodha ataiangalia akasema hii ya kubebea saruji.

Alafu lile boksi la siti nalo ni mzigo, litatakiwa kutajwa kwenye nyaraka, ukilificha umetoka kwenye ujanja umeingia kwenye kosa la forodha lenyewe. Na siti za Alphard za kisasa zina mota na waya za eabegi, zikifungwa na fundi wa mtaani taa nyekundu itawaka dashibodi kuanzia siku ya kwanza.

Habari kaka. Baba yetu alipata kiharusi anatumia kiti cha magurudumu, kliniki ni kila mwezi na kumbeba kumuingiza kwenye gari ni mtihani. Tuna Voxy ya siti saba, katikati zipo mbili mbalimbali. Tunaweza kutoa moja ili aingie na kiti chake? Au trafiki watatusumbua? – Binti wa Mzee, Moshi

Pole sana dada, na mpe mzee salamu zetu.

Kwa upande wa trafiki sioni shida, siti moja ya katikati inatolewa, boliti zake unazitunza, gari linabaki la familia na watu wanapungua badala ya kuongezeka. Beba kadi, beba na karatasi ya kliniki, ukisimamishwa mueleze afande vizuri, wengi ni waelewa kwenye hili.

Shida yangu ni mzee atakaaje. Kiti cha magurudumu kikiwa ndani ya gari breki zake hazitoshi kabisa, hata mkizivuta zote mbili. Kinatakiwa kifungwe kwa mikanda minne, miwili mbele miwili nyuma, inayoshikwa kwenye sakafu ya gari, pale ilipotoka siti ndo pa kuanzia kutafuta mafungio. Alafu mzee mwenyewe awe na mkanda wake mwingine unaoshikwa na gari, sio ule wa kwenye kiti, ule wa kwenye kiti ni wa kumzuia asiteleze akiwa anasukumwa tu. Aangalie mbele, asikae ubavu ubavu. Na mpime kwanza urefu, mzee akiwa amekaa kwenye kiti kichwa chake kinapita mlangoni? Kwenye gari nyingi hizi hakipiti, mnagundua mmeshang'oa siti.

Kama anaweza kuhamishwa, hata kwa kusaidiwa na watu wawili, bora zaidi akae kwenye siti ya gari yenyewe na kiti chake kikunjwe nyuma. Siti ya gari imepimwa kwa ajali, viti vya magurudumu vingi havijapimwa. Kuna ubao laini wa kutelezea, unaweka daraja kati ya kiti na siti mgonjwa anateleza bila kuinuliwa, ulizeni kwa watu wa fiziotherapia watawaonesha unavyotumika.

Na kama siku moja mtabadilisha gari, Toyota wana matoleo yanaitwa Welcab, Noah na Voxy zipo humo, zimetoka kiwandani na ubao wa mteremko nyuma na ndoano za kufungia kiti sakafuni, zingine zina siti inayozunguka na kutoka nje yenyewe. Huwa zinauzwa used Japani kama gari zingine.

Hujambo mjomba. Mie nimenunua Hiace shark, ni ya mzigo, nataka kuitia barabarani iwe matatu. Fundi hapa Changamwe asema atatia viti 14 na mshipi kila kiti. Je nikimaliza nimemaliza? – Mwenye Shark, Mombasa

Sijambo mwanangu. Hapana hujamaliza, ndo kwanza umeanza.

Wewe hapo uko chini ya Traffic Act, sheria ya barabarani ya Kenya, Cap 403, na mambo yako yote yako NTSA, mamlaka yao ya usafiri. Logbook yako, yani kadi ya gari, imeandikwa van ya mzigo, lazima ibadilishwe aina ya bodi na idadi ya abiria, na kabla ya hapo gari ikaguliwe. Kazi yenyewe ya kuweka viti kuna kiwango chake Kenya, KS 372, kinachosimamia bodi za magari ya abiria, kwa hiyo mtafute fundi mwenye karakana inayotambulika ya kutengeneza bodi, atakayekupa karatasi ya kazi aliyofanya, sio yule aliyeko chini ya muarobaini hata kama mkono wake ni mzuri. Ndipo uombe leseni ya kubeba abiria, na ya siku hizi bila sacco au kampuni hupewi.

Hiyo 14 usiipite hata kwa mmoja. Sheria za Michuki, zile za waziri John Michuki zilizoanza kufanya kazi Februari 2004, ndizo zilizoziteremsha matatu za Nissan kutoka 18 zikawa 14, zikaleta mshipi kila kiti na spidi gavana ya 80. Na dereva wako mwenye leseni ya daraja D1 mwisho wake ni abiria 14. Ile mbao ya sambaza mnayoweka katikati ya viti konda akiona kuna mtu amebaki steji, hiyo haina mshipi, haina logbook, haina bima.

Kuhusu bima nikwambie kitu. Cap 405 ya Kenya, sheria ya bima ya magari, kifungu cha 16 inasema kampuni haiwezi kumkatalia aliyeumia kwa sababu tu gari ilikuwa na watu wengi au lilikuwa bovu. Wenye matatu wakisikia hivyo hufurahi. Wasichosoma ni mstari wa mwisho, kampuni ikishamlipa ina haki ya kukurudia wewe ikudai kile ilichotoa.

Bro nataka kuweka siti za rally kwenye Subaru yangu mbele zote mbili, zile za kubana. Kuna noma? – Mtu wa Turbo, Dodoma

Idadi ya siti haibadiliki kwa hiyo kadi haina neno. Noma iko kwenye siti unazozitoa. Nyingi zina eabegi ya ubavuni humohumo kwenye mgongo wa siti, chini kuna plagi ya njano, na ya abiria ina sensa inayojua kuna mtu kakaa. Ukichomoa plagi bila kutoa terminali ya betri na kusubiri dakika kadhaa unacheza na kitu kinacholipuka. Mafundi wa mtaani wanaweka rizista kwenye hiyo plagi ili taa ya eabegi izime, taa inazima kweli, eabegi haipo. Na reli za hizo siti ziwe zimetengenezwa kwa Subaru yako, sio kipande cha pembe nne kilichochomelewa juu ya reli nyingine. Ukitaka za rally kwa ajili ya mashindano sawa, kwa gari la kwenda nalo kazini na kumpeleka mtoto shule mimi siti ya kiwandani siitoi.

Assalaam alaykum. Tupo Reading, Uingereza, jumuiya yetu ya Waswahili imepewa minibus ya siti 16 za abiria kupeleka watoto madrasa na wazee kwenye misiba. Mimi leseni yangu nimeipata 2009, wananiambia siruhusiwi kuendesha zaidi ya abiria wanane. Tunataka tutoe siti nane. Inafaa? – Baba wa Jumuiya, Reading

Waalaykum salaam. Kutoa inafaa, ila huenda hamna haja.

Ni kweli waliofaulu kuanzia tarehe 1 Januari 1997 hawakupewa D1, daraja la minibus, moja kwa moja kama wale wa nyuma, kwa hiyo leseni yako ya kawaida ni abiria wanane na gari lisilozidi kilo 3,500. Mkizitoa siti lazima muwaandikie DVLA, wasajili wa magari wa huko, idadi ibadilishwe kwenye V5C, kadi ya gari, muwaambie na watu wa bima, na kutoa siti hakupunguzi ule uzito wa mwisho ulioandikwa kwenye gari, kama ni zaidi ya 3,500 utakuwa umetoa siti bure. MOT, ule ukaguzi wa gari, nayo inabadilika, abiria 13 na kuendelea wanapimwa daraja la 5, chini ya hapo daraja la 4.

Sasa kabla hamjashika spana, someni ruhusa ya madereva wa kujitolea. Mwenye leseni ya kawaida anaweza kuendesha minibus mpaka ya abiria 16 akiwa ana miaka 21 au zaidi, leseni ameshikilia angalau miaka miwili, gari linatumiwa na kikundi kisicho cha biashara kwa shughuli za kijamii, yeye halipwi zaidi ya gharama alizotumia, na gari halizidi kilo 3,500, au 4,250 kama lina vifaa vya walemavu. Kama umri wako umefika 70 kuna masharti ya afya ya ziada. Ruhusa hiyo ni ya ndani ya Uingereza, msivuke nayo kwenda Ufaransa, wala msivute tela. Na watoto wa madrasa msiwachangishe nauli ya kupanda, hata pauni moja mlangoni, maana hapo mmeshaingia kwenye kubeba watu kwa malipo na ruhusa yote imeanguka. Michango ya jumuiya ya kawaida isiyohusiana na kupanda gari haina tatizo. Kwa hiyo angalieni bati la uzito kwenye mlango wa dereva kwanza, kama linasoma 3,500 au chini, siti zenu ziacheni hapohapo.